Afande Ocaya na Hewa Nyepesi

Waliopanga vyumba karibu na Afande Saverio Ocaya pale Ntinda hawakuhitaji saa ya kengele. Kila asubuhi mzee alitoka uani na kumwamuru jogoo wake aondoke kwenye mboga, na mtaa mzima ukaamka, wakiwemo watu ambao hawajawahi hata kuiona hiyo mboga. Jogoo mwenyewe alikuwa ameshazoea. Alisimama wima kidogo, akatazama mbele, kisha akaendelea kula.

Ocaya alikuwa mtu wa Kitgum, mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu iliyojaa mishipa. Alikuwa sajini wa polisi, na maisha yake yote ya kazi aliyamalizia uwanjani akifundisha gwaride. Hakupanda cheo kikubwa, wala hakukitamani. Makuruta aliowafundisha walikuwa wametapakaa Kampala nzima, na wengine sasa ni wakubwa wenye madereva, lakini wakimwona anavuka barabara walificha sigara na soda nyuma ya mgongo kama watoto wa shule.

Yote hayo aliyahesabu kuwa kazi ya sauti yake. "Bunduki iko ya serikali," alipenda kusema. "Buti iko ya serikali. Hata suruali iko ya serikali. Lakini sauti iko yangu." Na kwa kweli ilikuwa sauti ya kutisha. Mkewe Rehemah, Mnubi wa Bombo, alisema kwamba katika ndoa yao aliwahi kumsikia akinong'ona mara moja tu, siku ile alipomwomba wafunge ndoa, yeye Mkatoliki na binti Mwislamu, jambo lililotaka siri kubwa. Hata siku hiyo majirani wa upande wa pili walisikia na wakatoa pongezi.

Sasa, mtu huyu mwenye sauti alikuwa pia mtu wa sigara. Alianza kuvuta akiwa kuruta kule depo, akavuta uwanjani, akavuta hadi alipostaafu, na alipoacha mapafu yalikuwa tayari yameshafanya uamuzi wao. Akipanda kilima alisimama akisingizia kwamba anatazama nyumba za watu. Kisha msimu mmoja wa vumbi alishikwa na kikohozi kibaya, kifua kikaziba, na Rehemah akaamka asubuhi akamkuta mumewe ameketi kitandani, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Kilichomtisha Rehemah zaidi ni kwamba jogoo alikuwa kwenye mboga na mzee hasemi kitu. Alipiga simu kutafuta gari bila hata kuvaa viatu.

Hospitalini alipokewa na Daktari Namalwa, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa, na muuguzi Whitney Nakhisa, Mkenya wa Bungoma aliyekuwa na mikono yenye nguvu na maneno yasiyo na breki. Walimvisha Ocaya barakoa kubwa ya plastiki iliyofunika pua na mdomo, wakaikaza kwa mikanda nyuma ya kichwa, na mashine kando ya kitanda ikaanza kumsukumia hewa kila alipovuta pumzi. Ilisaidia, lakini kidogo. Mzee alizidi kuchoka.

Daktari Namalwa aliinama akamweleza. "Afande, njia ya hewa ndani ya kifua yako imekuwa nyembamba sana. Dawa nafungua, lakini pole pole. Sasa nataka nikupe hewa ingine. Iko nyepesi kuliko hii ya kawaida, inapita mahali pembamba bila kugombana. Inaitwa heliamu. Tunaichanganya na oksijeni. Haiponyi, lakini itakupumzisha mpaka dawa ifanye kazi yake."

Ocaya alitikisa kichwa kukubali. Wakati ule angekubali hata moshi wa taka za soko la Kalerwe kama ungepita.

Whitney akaunganisha mtungi kwenye mashine, akapima, akapima tena. Na kweli, baada ya muda mfupi yale mabega yaliyokuwa yakihangaika yakaanza kutulia. Ocaya akahisi hewa inaingia yenyewe, bila kubembelezwa. Rehemah akasema alhamdulillahi, na kwa kuwa alijua mumewe angemtaka amtaje Bikira Maria pia, akamtaja kwa haraka akiangalia pembeni.

Mchana Whitney alilegeza barakoa kidogo ili mgonjwa apate maji. Mzee akanywa, akakunja uso, akafungua mdomo kutoa malalamiko yake ya kwanza tangu alazwe.

"Sista, maji hii iko baridi sana!"

Wodi nzima ikageuka. Ocaya alitazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha, Mungu ni shahidi, akainama kutazama chini ya kitanda, maana kuna mtu alikuwa amesema maneno yake kwa sauti ya kifaranga.

"Nani nasema hiyo?" aliuliza, na kile kifaranga kikauliza pamoja naye.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee Muganda aliyeuza ndizi Kalerwe, mgonjwa wa kifua vilevile, mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwogopa huyu askari mrefu. Hofu yote ikamtoka. "Banange!" akasema. "Afande, wewe nameza kifalanga?" Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Whitney akamletea maji naye.

Daktari alieleza kwamba ni kawaida, ile hewa nyepesi hubadilisha mlio wa sauti, na siku watakapoiondoa sauti itarudi ilivyokuwa. Ocaya alisikiliza kwa heshima. Kisha akafunga mdomo na kuamua kimoyomoyo kwamba hatasema tena neno ndani ya barakoa ile. Akitaka kusema, ataivua kwanza, asubiri ile hewa imtoke, ndipo aseme kama mtu mzima. Aliona ni mpango mzuri, na huenda ungebaki mpango tu kama Odero asingekuja kumjulia hali.

Odero alikuwa jirani yao Ntinda, Mjaluo wa Kisumu, mtu mwema kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kupamba harusi na sherehe za watoto, na duka lake lilijaa maputo ya kila rangi. Rehemah alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba mzee anapewa heliamu, na kwamba mitungi yake haipatikani kirahisi. Odero hakuuliza swali la pili. Alikodi bodaboda, akapakia mtungi wake mwenyewe, akaukumbatia njia nzima, na akaingia nao wodini akitoa jasho, uso umejaa furaha ya mtu aliyekuja kuokoa maisha.

"Mzee, usijali kabisa!" alisema. "Hiyo gesi ni ileile yangu! Ile naweka kwa baluni. Juzi tu nimejaza sungura wa pinki kwa bathdei ya mtoto wa landilodi. Imebaki nyingi, tumia tu, mimi sitaki kitu."

"Wewe! Simama hapo hapo!" Whitney alimfikia kabla hajaushusha mtungi. "Hiyo ya baluni haina oksijeni ndani. Mtu akiivuta anazima hapo hapo, hata hapati nafasi ya kuaga. Yetu ni ya hospitali, imechanganywa na oksijeni, na tunaipima kila saa. Hiyo yako toa nje, na uiambie huyo sungura pole."

"Lakini sista, mimi nilikuwa nasaidia..."

"Saidia ukiwa nje, kaka yangu."

Hakuna aliyekuwa akimtazama Ocaya. Yeye alikuwa amebaki kwenye lile neno la sungura. Kwa hiyo hiki walichomfungia usoni ni ndugu wa kitu kinachoelea kwenye dari la watoto, kimefungwa uzi, kimechorwa masikio. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Akashika mikanda, akaivuta, akaitoa barakoa yote, akanyoosha kidole kumwelekea Odero. Kisha akakumbuka kusubiri. Akapumua mara moja, mara mbili, mara tatu, ili hewa ya maputo imtoke na apate kuunguruma ipasavyo.

Sauti yake ilirudi kweli. Kilichokosekana ni pumzi ya kuisukuma. Alifungua mdomo kusema "Toka!" na pakatoka mlio mdogo wa mlango uliokosa mafuta. Kuta zikaanza kuzunguka. Mashine ikapiga kelele, Rehemah akapiga kelele kuishinda mashine, na Whitney akaruka na kumrudishia barakoa huku akimshikilia kichwa kwa kiwiko. Odero alisimama mlangoni na mtungi wake akilia machozi ya kweli.

Alipotulia, Daktari Namalwa alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakugomba, na hilo lilimwogopesha Ocaya zaidi.

"Afande, nisikie. Barakoa hii ndiyo inakuzuia kuingia kwa mashine ile kubwa. Ukivua tena namna hii, nitalazimika kukulaza usingizi na kupitisha mpira kooni. Kwa mapafu kama yako, mpira kuingia ni rahisi. Kutoka ndiyo kazi, na wengine hawatoki. Na ukiwa na mpira kooni hakuna sauti kabisa, hata hii ya kifaranga. Siku mbili tatu hivi, ndizo nataka kwako."

Alipoondoka, ilikuwa zamu ya Rehemah, na yeye aligomba. Aligomba kwa Kiswahili, akaongeza Kinubi pale Kiswahili kilipomwishia, akaanza na sigara ya kwanza na kuja mpaka sigara ya mwisho. Kisha ghafla akashika mkono wa mumewe kwa mikono miwili.

"Baba Acen," alisema, "mimi hapana olewa na sauti. Hiyo sauti nasumbua mimi masikio tangu zamani. Mimi naolewa na wewe. Kaa na hiyo kitu kwa uso yako. Mimi naogopa."

Rehemah hakuwa mtu wa kusema anaogopa. Ocaya alimtazama, macho yakamlowa juu ya ukingo wa plastiki, akatikisa kichwa. Barakoa ingekaa. Ila hapo moyoni aliongeza sharti lake: itakaa, lakini kutoka ndani yake hakuna atakayesikia neno. Bila sauti ile, alijiona ni mzee tu mwenye miguu myembamba ndani ya gauni la hospitali lililo wazi nyuma, na hakutaka mtu yeyote amjue mzee huyo.

Tangu hapo aliongea kwa mikono. Kuomba maji alionyesha koo. Kumkataa mtu alionyesha mlango. Muuza ndizi alimchokoza kutwa, "Afande, sema kidogo tu, kwa ajili ya afya yangu," na Ocaya akamwonyesha mlango, ingawa yule naye alikuwa na mpira wa dawa mkononi na hakuweza kwenda popote. Akamwonyesha Rehemah kwa ishara kwamba wageni hawatakiwi, hasa wa polisi. Rehemah akaelewa vizuri sana. Lakini binti yao Acen, mwalimu kule Nateete, alikuwa ameshampigia simu mtu mmoja, na huyo mtu akawapigia wengine.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, buti zilisikika kwenye korido. Ocaya alizitambua kabla hazijafika mlangoni, maana yeye ndiye aliyezifundisha kutembea. Wakaingia wakiwa wamevaa sare, kikosi chake cha zamani, wanaume wenye mvi na matumbo, mbele yao Obwona, ambaye siku hizi alikuwa mkubwa wa kituo na alitembelea gari lenye bendera ndogo. Wakajipanga mstari mmoja katikati ya vitanda. Obwona akatoa sauti moja, visigino vikagongana, na wote wakasimama mguu sawa, videvu juu, macho kwenye ukuta.

Wakabaki hivyo.

Hapa inafaa nieleze, kwa maana aliye nje ya jambo hili angedhani watu wale wamechanganyikiwa. Ilikuwa sheria ya Ocaya mwenyewe, na aliwatia ndani ya mifupa: ukisimama mguu sawa mbele yake, hushushi bega hadi yeye mwenyewe aseme "mguu pande". Kinywa cha mwingine hakihesabiki, hata cha kamanda. Mara moja, wakati kikosi hiki bado ni makuruta, aliitwa kwenye simu akaambiwa Rehemah amejifungua mtoto wa kike, akakimbia kwenda kumwona Acen akawasahau kwenye jua kali katikati ya uwanja. Kamanda akapita akawaambia wapumzike. Mpishi akapita akawaambia ugali unapoa. Walisimama mpaka Ocaya aliporudi jioni akiimba, akawakuta, na akalazimika kwenda nyuma ya stoo kwa muda kabla ya kuwaamuru, kwa sababu alikuwa analia.

Basi sasa walikuwa wamesimama, na mtu wa kuwaamuru amelala kitandani amefunga mdomo.

Ocaya aliinua mkono akaushusha, maana yake pumzikeni. Hakuna aliyetikisika.

"Afande," Obwona alisema bila kuondoa macho ukutani, "mkono siyo amri. Wewe ndiye nafundisha sisi hiyo."

Whitney alifika na kigari chake cha dawa, akakuta njia imezibwa na polisi. "Jamani, nipisheni, nina wagonjwa."

"Musawo, hatuna ruhusa," Obwona alimjibu muuguzi.

"Mguu pande, basi!" Whitney aliamuru, kwa sauti ambayo Bungoma ingehamisha ng'ombe. Haikuhamisha mtu. Rehemah akajaribu, kwa haki ya kuwa mke, akaambulia kutazama jasho la Obwona likitiririka. Muuza ndizi naye akainuka kwenye mto wake. "Muguu pande!" akasema kwa utamu mkubwa, na akarudi kulala akiwa ameridhika kwamba naye amewahi kuamuru serikali.

Dakika zikapita. Wale hawakuwa tena vijana. Ocaya, mwenye macho ya mwalimu, aliona kila kitu: goti la kulia la Obwona, lile lililovunjika kwenye ajali, linaanza kutetemeka ndani ya suruali. Wa mwisho mstarini ameshaanza kuwa mweupe midomoni. Hawatashuka. Watu hawa wajinga watasimama hapa hadi waanguke mmoja mmoja, na kosa litakuwa lake.

Mkono wake ukapanda kwenye mkanda wa barakoa. Avue mara moja tu. Asubiri hewa itoke. Aseme maneno mawili kwa sauti yake mwenyewe, yaani maneno mawili tu, halafu wafanye wanavyotaka na mpira wao.

Rehemah aliuona mkono. Alikuwa amesimama na kanga mdomoni, anamtazama jinsi alivyomtazama asubuhi ile ya kikohozi.

Mkono ukashuka.

Ocaya alijivuta juu kwenye mito, akanyoosha ile shingo yake ndefu, akasubiri mashine imsukumie hewa yake nyepesi yote, na akaifunga ndani ya kifua.

"Kikosi!" akalia. "Mguuuu... pande!"

Kifaranga kilichokanyagwa mkia hakijawahi kulia hivyo. Lakini kabla mlio haujaisha, buti zote zilitua sakafuni kwa pigo moja, chupa za dawa zikaruka kwenye kigari cha Whitney, na muuza ndizi akanyoosha miguu chini ya blanketi bila kutaka. Hakuna aliyecheka. Ocaya aliwakagua usoni mmoja baada ya mwingine, akitafuta aliyeuma mdomo, akitafuta bega linalotikisika. Hakupata hata mmoja. Obwona machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi na hakuyafuta.

"Nyinyi hapana cheka," Ocaya alisema kwa kile kisauti, kwa mashaka makubwa.

"Kucheka nini, Afande?"

"Sauti yangu. Imeisha. Nyinyi nasikia vipi amri?"

Obwona alitazama wenzake. Wenzake wakatazama viatu. Ilionekana kuna jambo walilokuwa wamekubaliana zamani sana kutolisema.

"Afande, samahani," alisema mwishowe. "Ile sauti yako ya zamani, sisi hatukuwahi kuelewa hata neno moja. Ilikuwa kubwa sana, maneno yote napotea ndani. Tulikuwa tunaangalia shingo. Mishipa ya kushoto ikitoka, tunageuka kushoto. Ikitoka yote, tunasimama." Akavua kofia. "Leo ndiyo mara ya kwanza mimi nasikia vizuri kitu Afande nasema."

Mashine ilihema mara kadhaa peke yake. Rehemah aliinama polepole hadi paji la uso likagusa kitanda, mabega yanamtikisika, na haikujulikana mara moja kama analia. Kisha mlio mwembamba ukatoka ndani ya barakoa, mfupi mfupi, mmoja baada ya mwingine, na ilichukua muda wodi kuelewa kwamba huyo ni Afande Saverio Ocaya anacheka.

Whitney alisukuma kigari chake akapita, akaangalia namba kwenye mashine, akaona hazina tatizo. "Aongee kidogo kidogo," aliwaambia. "Na hiyo kitu isitoke usoni."

"Haitoki," alisema Ocaya. Akawaonyesha ukingo wa kitanda, viti, na kitanda cha muuza ndizi pia. "Kaeni chini nyinyi wote. Kama nyinyi hapana sikia kitu hata moja, basi kuna mambo mingi mimi nasema bure. Naanza na wewe, Obwona. Ile siku yako ya kumaliza mafunzo, mimi nasema kwamba wewe nafanya vizuri sana."

Obwona akakaa kwenye kiti taratibu, kofia mikononi. "Mimi nilifikiri Afande natukana," alisema.